Kufunga na Kusafisha Kioo cha Mbele cha Akriliki kwenye Ndege ya Kujiundia: Mwongozo Kamili

Simu za wajenzi wa ndege wanaoniomba msaada huja jioni, na karibu zote hufanana. Kioo kimeshakaa mahali pake, matundu kumi na tisa yametoboka salama, limebaki moja. Ghafla unasikika mlio mkavu, kama kijiti kinapovunjwa, na ufa umetoka kwenye tundu ukakimbilia ukingoni. Mwenye ndege ameijenga miaka minne, riveti baada ya riveti, na sasa amekaa kwenye kigoda katikati ya hanga akiutazama ufa usiozidi urefu wa kiganja.

Hakuwa mzembe. Mara nyingi alifanya kila kitu kama alivyozoea kufanya kwenye alumini, na kosa liko hapo. Alumini husamehe: ukiivuta inakubali, ukiikaza inabonyea. Akriliki haibonyei. Huibeba kimya kimya ile nguvu uliyoiwekea, kisha siku moja hupasuka, pengine papo hapo, pengine baada ya wiki sita ndege ikiwa imeegeshwa tu juani.

Mfano nitakaoutumia ni Van's RV-7, modeli ya ndege ya kujiundia, yenye kifuniko cha kuteleza juu ya chumba cha rubani, kwa sababu ndiyo niliyoishika zaidi. Kiwanda hukuletea kuba moja nzima ya akriliki, na wewe mwenyewe unaikata vipande viwili: cha mbele kinakuwa kioo, cha nyuma kinakuwa kifuniko. Kama ndege yako ni ya bawa la juu, na kioo chake hukatwa kutoka kwenye shiti bapa, namna ya kukata, kutoboa na kusafisha haibadiliki.

Kwanza fungua kitabu cha maelekezo uthibitishe kuwa kioo chako ni akriliki na si polikaboneti. Polikaboneti hukunjwa baridi bila kuvunjika, lakini uso wake ni laini zaidi na hukwaruzika upesi, kwa hiyo masharti yake ni mengine. Na popote maelekezo ya kiwanda yanapopishana na haya yangu, fuata ya kiwanda. Ukitaka kubadili kitu ambacho kiwanda hakikukisema, zungumza na mkaguzi kwanza. Kwa walioko nyumbani hilo ni suala la mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya.

## Jambo la kushika kabla ya kushika chombo

Akriliki hutanuka kwa joto mara tatu kuliko alumini. Chukua kipande cha urefu wa mita 1. Joto likipanda nyuzi 40, kitarefuka karibu milimita 2.8. Alumini ya urefu huohuo itarefuka milimita 0.9, na upinde wa chuma ulio nyuma ya kioo utarefuka nusu milimita tu.

Nyuzi 40 si hesabu ya darasani. Ndege ikitolewa kwenye hanga lenye baridi asubuhi na kuachwa juani hadi saa nane, kioo kinazipata. Zile milimita mbili za ziada lazima zipate pa kwenda. Zisipopata, zinasukuma skrubu, na skrubu haisogei.

Kwa hiyo lengo la kazi hii ni kukishika kioo kisitoke huku ukikiachia nafasi ya kupumua. Kila hatua utakayoisoma hapa chini inatoka kwenye sentensi hiyo.

## Vifaa

Viweke vyote mezani kabla ya kuanza. Kukatiza kazi katikati ili ukatafute biti ndiko kunakomfanya mtu atumie biti yoyote aliyoikuta.

- Hita ya kupasha hanga joto, na kipimajoto.
- Grainda ndogo ya mkononi yenye diski nyembamba ya kukatia. Usitumie msumeno wa umeme wa kupanda na kushuka: meno yake hukigonga kioo badala ya kukikata.
- Biti za plastiki zenye ncha kali ya nyuzi 60. Biti ya kawaida ya chuma ina ncha butu ya nyuzi 118 na midomo inayouma. Ikifika upande wa pili hujivuta yenyewe kama skrubu na kung'oa kipande.
- Biti ya ngazi, ya kupanulia matundu.
- Tupa laini, na msasa namba 80, 120, 220 na 400.
- Vipande vya mbao laini vya kuwekea nyuma ya tundu.
- Tepu ya karatasi ya mafundi rangi, kwa wingi.
- Utepe wa mpira wa neoprini wa kulalia kioo. Usinunue wa PVC. Kilainishi kilichomo ndani ya PVC hutoka polepole na kuingia kwenye akriliki, na baada ya muda unaona vinyufa kama utando wa buibui.
- Skrubu za maelekezo, na washa za nailoni.
- Epoksi, kitambaa cha faibaglasi, na rangi nyeusi ya kuchanganya kwenye epoksi. Resini ya poliesta isiingie kabisa kwenye hanga siku hiyo, kwani stairini iliyomo hushambulia akriliki.
- Miwani ya kinga na barakoa ya vumbi.

Ile plastiki ya kinga iliyobandikwa kiwandani iache ilipo. Bandua ukanda wa sentimita chache tu unapofanyia kazi. Kitu kimoja cha kuangalia: plastiki hiyo ikikaa juani miezi mingi huungua na kugandia kiasi kwamba haitoki. Hifadhi kuba kivulini tangu siku ilipofika.

## Hatua ya 1: Pasha joto hanga, pamoja na kioo chenyewe

Akriliki ikiwa ya baridi huwa kama biskuti kavu. Usiikate wala kuitoboa chini ya nyuzi 25. Watu husoma hili, wanawasha hita, kipimajoto cha ukutani kikionyesha 25 wanaanza. Hewa imepata joto, kioo bado. Kiache kioo ndani ya joto hilo saa kadhaa, na vizuri zaidi usiku kucha.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikuwa Ohio, mwezi wa Januari. Gesi ya hita ilikwisha jioni, yamebaki matundu matatu. Nikasema moyoni kuwa hanga bado lina joto. La kwanza likapita. La pili likapasua. Kile kioo kilikuwa cha rafiki yangu, na mimi ndiye niliyempigia simu kumweleza. Tangu siku hiyo hita ikizimika, nami naweka drili chini.

Umefaulu ukiona: ukiweka kiganja juu ya kioo, hakikupi ubaridi hata kidogo.

## Hatua ya 2: Chora mstari juu ya tepu

Weka kuba juu ya bodi ya ndege, iweke sawa na upinde wa chuma, ipime kushoto na kulia kutoka mstari wa katikati. Bandika tepu ya karatasi pale utakapokata, na uchore mstari juu ya tepu. Usichore moja kwa moja kwenye akriliki kwa peni ya wino usiofutika, kwa sababu utahitaji kimiminika kikali cha kuufuta, na hicho ndicho adui.

Chora mstari wa kwanza nje ya ule wa kweli kwa milimita 5. Utarudi kuupunguza. Akriliki iliyozidi unaipunguza kesho. Iliyokatwa zaidi hairudi.

## Hatua ya 3: Kata

Kwanza ondoa ule ukingo mnene uliobaki kutoka kwenye umbo la kiwandani. Hapa unajifunzia mkono wako, kwani kipande hicho kinatupwa.

Kisha unakuja mkato mkubwa, unaotenganisha kioo na kifuniko. Ni mkato ambao watu huuahirisha wiki nzima, na siwalaumu. Fanya hivi:

1. Tegemeza kuba pande zote mbili za mkato kwa mito au blanketi zilizokunjwa. Kipande kinachoning'inia huvuta, na ufa hutangulia mbele ya diski.
2. Anzia ukingoni. Diski iwe inazunguka kabla haijagusa kioo.
3. Usisukume. Iache diski ijilie. Usiisimamishe mahali pamoja pia, kwani akriliki huanza kulainika karibu nyuzi 100, na ikiyeyuka hujishonea tena nyuma ya diski na kuinasa.
4. Kila baada ya sentimita 10, simama na bandika tepu kuvuka mkato uliokwisha kuukata, juu na chini. Tepu hizo ndizo zitakazovishika vipande viwili sentimita ya mwisho inapokatika.
5. Mtu wa pili awepo mwisho wa mkato. Kazi yake ni kushika tu, asivute.

Umefaulu ukiona: ukingo mchafu lakini ulionyooka, vumbi jeupe linaloruka kavu, na hakuna harufu kali ya plastiki iliyoungua. Ukiona nyuzi zilizoyeyuka zimeng'ang'ania diski, umekwenda polepole mno au diski imechoka.

## Hatua ya 4: Lainisha ukingo siku hiyohiyo

Kila ufa huzaliwa kwenye ukingo au kwenye tundu. Mkwaruzo mdogo uliobaki ukingoni ni ufa unaosubiri siku yake. Ndiyo maana sikubali kioo kilale usiku kikiwa na ukingo uliotoka kwenye diski.

Anza na tupa, ukiisukuma kufuata urefu wa ukingo, si kukatiza. Endelea na msasa 80, halafu 120, 220, na umalize kwa 400. Kila namba ifute mistari ya namba iliyotangulia. Kisha viringisha kona mbili za ukingo, ya ndani na ya nje, zisiwe kali.

Kuna wanaong'arisha ukingo kwa moto wa gesi. Unapendeza sana, na sikushauri ufanye hivyo. Moto huacha mkazo ndani ya akriliki, na ukingo huo ukija kukutana na tone la petroli hupasuka vipande vidogo vidogo.

Umefaulu ukiona: unapitisha pamba kavu ukingoni mzima na hakuna uzi hata mmoja unaonasa. Mahali itakaponasa, rudi hapo na msasa.

## Hatua ya 5: Kikae chenyewe

Laza utepe wa mpira juu ya upinde na popote kioo kinapokutana na chuma. Weka kioo. Sasa toa mikono.

Kioo kinatakiwa kukaa kwa uzito wake mwenyewe, na ukikisukuma kwa vidole viwili kiguse mpira kila mahali. Ukihitaji mkanda wa kukivuta, au mtu wa kukikalia, bado kuna mahali kinagusa kabla ya wakati. Patafute mahali hapo, punguza milimita moja, jaribu tena. Kuweka na kutoa mara kumi na tano ni kawaida. Pale kisipofika kabisa, ongeza mpira chini yake. Usikiburute kwa skrubu.

Ukingo wa chini, unapokutana na bati la mbele, uache pengo la milimita 3 hivi. Ukingo wa akriliki usigusane na chuma mahali popote.

Waraka wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, unaotumiwa na mafundi huko, AC 43.13-1B, unasema jambo hilo kwa ukali: plastiki isilazimishwe kubadili umbo ili ienee kwenye fremu. Nimeona watu wazuri, wenye mikono ya dhahabu, wakiliruka hili kwa sababu pengo lilikuwa dogo. Pengo dogo likivutwa ni mkazo wa kudumu, unaokaa humo mchana na usiku.

## Hatua ya 6: Toboa

Hapa ndipo simu zile zote zinapotoka, kwa hiyo tuende taratibu.

Kila tundu lianze dogo. Kioo kikiwa kimekaa kwenye upinde, toboa kwa biti ya plastiki ya milimita 3, upite akriliki na kuacha alama tu kwenye chuma. Kisha toa kioo, na utoboe chuma peke yake. Usitoboe chuma kupitia kwenye kioo: vipande vya chuma hutoka vikiwa vya moto na vinakata ukuta wa tundu, na biti ikinasa kwenye chuma inakivuta kioo nayo.

Anzia juu katikati. Tundu la kwanza liwe juu katikati ya upinde. Lifuate la kushoto, kisha la kulia, ukishuka kwa zamu hadi chini. Kila tundu likiisha weka skrubu ya muda, bila kuikaza. Ukianzia upande mmoja na kumalizia wa pili, mkunjo wote wa kioo unakusanyika kwenye tundu la mwisho. Ndiyo sababu ni la mwisho linalopasuka.

Kaa mbali na ukingo. Kwa tundu la milimita 5, katikati yake iwe angalau milimita 12 kutoka ukingoni.

Panua kioo kikiwa mezani. Weka kipande cha mbao nyuma ya tundu, mwenzako akibane kwa mkono, na upanue kwa biti ya ngazi. Kwa skrubu ya milimita 3.5 mimi hupanua hadi milimita 5. Waraka ule wa FAA unakwenda mbali zaidi: unataka tundu lizidi boliti au riveti kwa inchi 1/8, yaani milimita 3 na ushei, na kifungo kikae katikati. Kitabu cha ndege yako ndicho kitakachoamua namba, lakini usikubali tundu linalolingana na skrubu. Skrubu ikigusa ukuta wa tundu, kupumua kumekwisha.

Mkono uwe mwepesi, drili iende polepole. Tone la maji ya sabuni kwenye biti husaidia. Sekunde ya hatari ni ile biti inapokaribia kutokea upande wa pili: hapo acha kusukuma kabisa, na uwe kama unaizuia drili isiende.

Tazama kinachotoka kwenye tundu. Biti nzuri kwenye akriliki yenye joto hutoa utepe mrefu laini unaojikunja, kama ganda la chungwa linalomenywa na mtu mwenye subira. Ukiona unga, biti imekufa au kioo kimepoa. Ukiona ute unaogandia kwenye biti, unaiunguza.

Mwisho, viringisha kipande cha msasa 400 kama sigara, ukiingize kwenye tundu na kulisugua. Kona za tundu, mbele na nyuma, zivunjwe ukali.

Umefaulu ukiona: unaweka tochi nyuma ya tundu na ukuta wake unaonekana laini pande zote, bila nyota, bila mstari mweupe unaoelekea nje. Ukiona nyota hata ya milimita moja, endelea kusugua mpaka iishe kabla hujafunga skrubu.

## Hatua ya 7: Funga skrubu

Kichwa cha skrubu kiwe bapa upande wa chini, na washa ya nailoni kati yake na kioo. Kichwa cha koni huingia kama kabari na kulisukuma tundu lipanuke. Kama maelekezo yanadai koni, chimba nafasi yake pana kuliko kichwa.

Kaza kwa mkono, bisibisi fupi, kwa mpangilio uleule wa katikati kwenda pembeni. Acha pale kichwa kinapoigusa washa na mpira unapoanza tu kubonyea. Jaribio langu ni hili: weka ukucha kwenye ukingo wa washa na uisukume. Inatakiwa izunguke, kwa uzito kidogo. Ikikataa, legeza. Kama sehemu yako inatumia boliti na nati, AC 43.13-1B inasema kaza hadi ishike, kisha rudisha mzunguko mmoja mzima. Ndiyo maana nati iwe ya aina inayojishikia yenyewe, isije ikafunguka kwa mtetemo.

Na sasa onyo ninalolirudia kila mahali: gundi ya majimaji ya kuzuia skrubu isilegee isikaribie akriliki. Mjenzi mmoja alifunga kila kitu kwa usahihi, matundu mapana, mpira mzuri, kisha akaweka tone la gundi hiyo kwenye kila skrubu kwa nia njema. Baada ya wiki tatu kila tundu lilikuwa na miale kuzunguka, kama jua linavyochorwa na mtoto. Kioo kizima kikatupwa.

## Hatua ya 8: Ziba chini kwa epoksi na faibaglasi

Ukingo wa chini wa kioo haufungwi kwa skrubu kwenye bati. Unashikwa na ukanda wa faibaglasi unaolala nusu juu ya kioo, nusu juu ya bati.

Bandika tepu kwenye kioo pale ukanda utakapoishia, tabaka mbili au tatu, ili upate ukingo wa kufuata baadaye. Funika sehemu yote iliyobaki ya kioo kwa plastiki. Kwaruza ule ukanda wa chini kwa msasa 120 hadi uwe mweupe wote. Epoksi haishiki kwenye kitu kinachong'aa. Bati nalo likwaruzwe na kusafishwa.

Tabaka la kwanza la epoksi lichanganye na rangi nyeusi. Ukiwa umeketi ndani utaliona tabaka hilo kupitia kioo, na weusi unaficha kila kiputo. Halafu laza vipande vya kitambaa, kila kimoja kikiwa kipana kuliko cha chini yake. Acha vikauke kwenye joto lilelile la nyuzi 25, kisha piga msasa mpaka ufike kwenye tepu. Tepu ya juu ikianza kuchanika chini ya msasa, umefika, simama.

Wapo wanaobandika kioo kizima kwa gundi ya mpira kama Sikaflex-295 UV badala ya skrubu. Njia hiyo ni nzuri kwa sababu gundi inanyumbuka, ila inataka praima yake, nafasi sawa ya gundi kila mahali, na jirani wa kukusaidia. Usichanganye njia mbili kwa kubahatisha. Na silikoni yenye harufu ya siki iache nje: asidi yake huila alumini.

Siku ya kupaka ndege rangi, kioo kifunikwe kwa plastiki nene na kingo zote zizibwe kwa tepu. Mvuke wa thina peke yake unatosha kukiharibu.

## Kusafisha: kazi ya kila safari

Kioo kizuri huharibiwa na kitambaa kuliko kitu kingine chochote. Vumbi la kiwanja cha murram limejaa chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko akriliki kwa mbali. Ukipitisha kitambaa kikavu unazisaga chembe hizo kwenye kioo, na msuguano unakipa umeme tuli unaovuta vumbi jingine.

Kwanza, visivyoruhusiwa: dawa za kupulizia vioo vya nyumbani zenye amonia, petroli, asetoni, thina, benzini, spiriti, na maji ya kuyeyushia barafu. Taulo za karatasi pia, kwa sababu nyuzi za mti hukwaruza. Bandika orodha hii kwenye mlango wa hanga, maana atakayekosea huenda si wewe, ni mgeni mwema anayetaka kukusaidia.

1. Ipeleke ndege kivulini na kioo kipoe. Juani maji hukauka kabla hujamaliza, na kuacha uchafu uleule umegandia.
2. Vua pete na saa.
3. Mwagia maji mengi, bila kugusa. Kama una ndoo moja tu, tumia nusu yake hapa. Maji yanayoteremka ndiyo yanayobeba mchanga.
4. Wadudu waliokauka walowekwe. Laza taulo lililolowa juu yao dakika kumi. Usiwakwangue kwa ukucha.
5. Osha kwa sabuni laini na kiganja kitupu. Si lazima sponji, kwa sababu vidole vina hisi. Chembe moja ya mchanga ikiwa chini ya kidole utaisikia, utasimama na kumwagia maji; sponji ingeiburuta hadi upande wa pili.
6. Suuza tena.
7. Kausha kwa kugusiza kitambaa safi cha maikrofaiba, bila kusugua. Kitambaa kilichoanguka chini kinarudi kufuliwa, hata kama kilianguka sekunde moja. Kifuliwe bila dawa ya kulainishia nguo.
8. Malizia kwa dawa ya akriliki kama Plexus au Novus namba 1. Pitisha kitambaa juu-chini kwa mistari iliyonyooka, usizungushe. Mikwaruzo ya mduara huwasha pete ya mwanga ukilielekea jua, na dakika ya kutua jioni ukielekea magharibi ndiyo dakika unayohitaji kuiona njia.

Petroli ikidondoka wakati wa kujaza, mwagia maji wakati huohuo, kabla hata ya kufunga kifuniko cha tangi. Hili linawahusu zaidi wenye bawa la juu, ambao tangi liko juu ya kioo.

Jalada la kitambaa ni zuri, lakini jalada lenye vumbi ndani likipepea kwenye upepo wa Dodoma usiku mzima ni msasa. Likung'ute, lifue, na ulifunge likaze.

## Mikwaruzo

Pitisha ukucha kuvuka mkwaruzo. Usiponasa, Novus namba 2 na mkono wenye subira vinatosha. Ukinasa, tumia seti ya Micro-Mesh ya akriliki, ambayo huanzia 1500 na kupanda hadi 12000. Lowesha, sugua upande mmoja hadi mistari yote ielekee huko, kisha badili namba na usugue kwa kukatiza. Namba usiruke hata moja.

Panua eneo unalosugua, usikazanie penye mkwaruzo tu. Ukichimba mahali pamoja unatengeneza lenzi, na mbele ya macho ya rubani lenzi ni mbaya kuliko mkwaruzo. Mkwaruzo ulioko pembeni, usiokusumbua angani, uache.

## Ukikuta ufa

Safisha, angalia mwisho wake kwa tochi, na utoboe tundu la milimita 3 pale hasa unapoishia, kwa biti ya plastiki na kioo chenye joto. Tundu la duara hueneza mkazo uliokuwa umekusanyika kwenye ncha ya ufa, na ufa husimama. Ukitoboa nyuma kidogo ya ncha, ufa utaendelea kana kwamba hukufanya kitu.

Kisha tafuta chanzo kabla ya kuruka: legeza skrubu iliyo karibu, angalia kama imegusa ukuta wa tundu, angalia kama mpira umetoka. Ufa bila chanzo sijauona.

Tundu hilo ni la muda. Ufa ulio mbele ya macho ya rubani, au unaounganisha matundu mawili, haungoji: kioo kinabadilishwa. Kwa ule mdogo wa pembeni, weka alama ya penseli ya nta kando ya tundu, andika tarehe, na uuangalie kila ukaguzi wa kabla ya kuruka. Siku utakapokuta umevuka alama, hata kwa milimita moja, ndege inabaki chini mpaka kioo kipya kiwe kimefungwa.